Wasimtaje Bohannon

Lusk Landing, Mississippi
Agosti 2

Kwa Kendrell Bohannon, mjukuu wangu, mrushaji wa Kambare wa Chuo cha Tillery,

Salamu zangu ni nzito, zipokee kwa mikono miwili. Huku joto linakaanga mayai juu ya boneti ya gari, na shangazi yako Verlene ananikaanga mimi. Ukiondoa hayo mawili, sote wazima.

Nasikia Kocha Rideout amewanyang'anya simu mpaka kambi ya Agosti iishe, na badala yake amewagawia bahasha. Mwambie Lucius Bohannon amempa mkono. Mimi nimesukuma matishari katika mto huu tangu Saint Paul mpaka New Orleans, nimepanda meli mpaka Rotterdam, nimegombana na mpishi wa Kigiriki kule Piraeus kwa sababu ya kitunguu, na siku zote hizo sikuwa na simu mfukoni. Bibi yako, Mungu amrehemu, nilimpata kwa barua nne na picha moja. Uso ulikuwa wangu, suti ya kuazima.

Sasa tuje kwenye kazi. Gazeti la michezo limetoa utabiri wa msimu wa mpira wetu wa Kimarekani. Kambare wamewekwa wa pili kutoka mkiani! Eti safu ya mbele ni nyepesi, eti ratiba ni ngumu, eti "haijulikani nani atakuwa mrushaji". Haijulikani kwa nani? Tolliver kinyozi alilisoma kwa sauti, watu wote wakanigeukia kama vile mimi ndiye niliyeliandika.

"Lucius," Tolliver akasema, "mwaka jana ulituambia tutashinda zote. Tukashinda tatu."

"Mwaka jana mjukuu wangu alikuwa benchi," nikamjibu. "Usinitukanie mapishi kwa chungu alichoinjika jirani."

Wakacheka. Lakini watacheka vizuri Ijumaa ile ya mwisho kabla ya mechi ya kwanza. Unajua desturi yetu: mji mzima nyuma ya kanisa, tunakula kambare wa kukaanga (timu pekee Marekani inayojila yenyewe), kisha mtu mmoja anapanda nyuma ya pikapu na kuusoma msimu. Kwanza anamtaja mrushaji, yule mwenye usukani wa timu. Halafu anasema mechi moja moja, hii tunashinda, hii tunashindwa. Akikosea hizo mechi anasamehewa. Akikosea jina la mrushaji, hasamehewi mpaka kaburini. Mzee Purvis Gaines alimtaja kijana aliyekuwa ameshahama chuo, na mpaka leo watu wakimwona dukani humuuliza, "Purvis, leo siku gani?"

Mwaka huu wamenichagua mimi. Nimeshachapisha na fulana, ya rangi ya chungwa: BABU WA MRUSHAJI. Mbele na nyuma, ili hata ninayempa mgongo asome.

Swali langu ni moja tu. Kocha ameshakupa nafasi, au bado anajifanya anafikiri? Nijibu nipate usingizi.

Babu yako,
Kapteni Lucius Bohannon


Chuo cha Tillery
Agosti 6

Babu mpendwa,

Barua yako imefika. Tumeisoma chumba kizima, na sasa kuna vijana wanne hapa wanaotaka kujua kitunguu kile cha Piraeus kiliishaje.

Hali ya timu si mbaya kama gazeti linavyosema, wala si nzuri kama wewe unavyosema. Safu ya mbele ni nyepesi kweli. Mkubwa wao, Dontavion, amepungua kwa sababu ya joto, na kocha anamlisha mkate wa mahindi kama bata wa Krismasi. Lakini tuna mkimbiaji, Jubal Petway, anakimbia kama mtu aliyekanyaga mzinga wa nyuki. Walinzi wetu ni wagumu. Tukipata mwanzo mzuri dhidi ya Nyigu wa Garland Fork, naona mechi sita, labda saba. Zote kumi na moja, babu, hapana.

Kuhusu nafasi yangu, usijali. Mpira naushika kila siku. Timu haiwezi kuupiga mpira mbali wala kuupiga kati ya milingoti mpaka upitie mikononi mwangu. Kocha anasema ananiamini.

Nami nikuulize. Barua yako ilikuwa kurasa kumi na mbili, na maneno yake yangetosha mbili. Mbona herufi zako zimekuwa kubwa kama bango la barabara kuu?

Mjukuu wako,
Kendrell


Chuo cha Tillery
Agosti 6

Shangazi Verlene,

Hii isome ukiwa peke yako, jikoni, mlango umefungwa.

Mimi si mrushaji. Siku ya tatu ya kambi kocha aliniita. Amekuja kijana kutoka Texas, anaitwa Brazos Whitlow, mpira akiurusha unasikia upepo ukichanika. Nilimwona nikajua mwenyewe kabla sijaambiwa. Kocha akasema, "Bohannon, unaweza kukaa nyuma ya huyu miaka miwili, au unaweza kuanza kila mechi mwaka huu, lakini utaanza umeinama." Maana yake mrudishaji: yule anayeinama na kuurusha mpira nyuma, kati ya miguu yake, kwa mpigaji. Nikakubali. Na shangazi, usinicheke, naipenda kazi yenyewe. Mikono yangu imeielewa upesi kuliko kichwa.

Lakini babu ameshachapisha fulana. Na anausoma msimu! Akipanda juu ya ile pikapu akataja jina langu, atakuwa Purvis Gaines wa pili. Nimemwandikia maneno ambayo hakuna hata moja la uongo, lakini ukiyajumlisha yote ni uongo mtupu. Nifanyeje? Mzuie asisome. Sema anaumwa.

Kendrell


Lusk Landing
Agosti 10

Kendrell mwanangu,

Mimi nina miaka hamsini na minane, ni mama wa kanisa, nafundisha watoto amri kumi kila Jumapili, na wewe unaniomba nimwambie mji mzima kwamba Lucius Bohannon anaumwa? Mtu aliyekwenda kwenye mazishi ya daktari wake mwenyewe akaomba nyama ya pili?

Tena mimi si posta ya siri za ukoo huu. Tayari nabeba yake, na sasa umeniongezea yako. Nimechoka, nami yake naitua hapa mbele yako.

Macho ya baba yangu yamekwisha. Yametoboka katikati. Anaona pembeni tu. Akikutazama usoni, anaona masikio yako. Daktari kasema hayarudi. Mwezi wa sita alirudi nyuma na pikapu akaangusha kibao cha kanisa, akatoka na kumlaumu mchungaji kwa kuweka kibao mahali pa kibao. Funguo ninazo mimi sasa. Gazeti lile Tolliver alimsomea si kwa kupenda, bali kwa kuwa yeye haoni tena maandishi. Barua zako namsomea mimi, na zake anaandika mwenyewe kwa kalamu nene, ulimi nje, nusu siku nzima, kwa sababu hataki ujue. Aliniapisha nisikuambie. Haya, nimekuambia.

Na sasa sikia kinachoniuma. Amenunua redio ndogo ya kuweka masikioni. Atakuja nayo uwanjani, akae jukwaani kama watu wote, atazame asichokiona, na mtangazaji amwonyeshe mchezo. Juzi nilikuwa naanika nguo, nikamsikia barazani peke yake, anaigiza sauti ya mtangazaji: "Bohannon anarudi nyuma... Bohannon anatazama... Bohannon anaruuusha!" Halafu akajipigia makofi.

Mimi simwambii. Mwambie wewe, na umwambie kabla ya Ijumaa ile.

Shangazi yako,
Verlene Bohannon Pickett


Lusk Landing
Agosti 14

Mjukuu wangu,

Umeniuliza kuhusu herufi. Mtu mkubwa haandiki herufi ndogo. Umewahi kuona mfalme anayejiandika kama siafu?

Nimefurahi kusikia mpira haupiti ila mikononi mwako. Nilimwambia Tolliver, maneno yako yale yale. Akasema, "Jibu lake lina konakona." Nikamwambia konakona ziko kichwani mwake, ndiyo maana watu hutoka kwake wamenyolewa upande.

Mechi nimezipanga zote. Nyigu tunawamaliza mapema. Chuo kile cha kule Arkansas wana mkimbiaji mzuri lakini ana mchumba mpya, kwa hiyo hatakimbia mbali. Wa Alabama watakuja na bendi nzuri na timu mbaya. Tutasikiliza, tutashinda, tutawasindikiza. Mchezaji wa kuogopwa ni mmoja tu katika ligi nzima, na nitamwombea mafua.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu, ingawa kwa kawaida mambo yangu nawaambia watu wote. Mtoni tulikuwa tunasukuma matishari kumi na tano kwa pamoja, yamefungwa kwa waya, marefu kuliko mtaa wetu. Watu huniita Kapteni, lakini unajua sikuwa nahodha. Nilikuwa yule wa chini, kwenye matope, anayekaza waya. Mwaka wa mafuriko tulipita chini ya daraja la Vicksburg maji yakichemka kama sufuria, na matishari hayakuachana. Hata moja! Nahodha akapewa saa ya mkono mbele ya watu. Mimi nikapewa kahawa, nayo imepoa. Sikulalamika. Lakini nilisema moyoni: iko siku mmoja wetu atakuwa juu, na jina la Bohannon litatangazwa. Mpaka leo limewahi kusikika redioni mara moja tu, binamu yangu Hosea alipokamatwa na ng'ombe wa kaunti.

Basi nimenunua redio. Mtu wa kisasa anatazama na kusikiliza kwa pamoja. Wewe rusha tu. Mimi nitakuwa hapo, masikio wazi.

Babu yako,
Kapteni wa Kahawa Iliyopoa


Chuo cha Tillery
Agosti 19

Babu,

Hii najua shangazi anakusomea. Shangazi, soma taratibu, na usiruke mahali.

Babu, mimi si mrushaji, na sitakuwa. Mrushaji ni Brazos Whitlow, wa Texas, na ni mzuri. Nikisema vinginevyo nitakuwa Purvis. Barua yangu ya kwanza ilikuficha. Nisamehe.

Kazi yangu ni hii. Timu ikikwama, ikaamua kuupiga mpira mbali ili kumtupia adui shida yake, au ikitaka kuupiga kati ya milingoti, mimi ndiye ninayeinama. Nauchungulia ulimwengu kati ya miguu yangu, umepinduka, mbingu chini na majani juu, na naurusha mpira nyuma kwa mpigaji, hatua kumi na tano, huku mtu wa kilo mia na arobaini akisubiri niuachie tu anikanyage. Mpira ukifika kifuani kwa mpigaji, watu wanamshangilia mpigaji. Ukipita juu ya kichwa chake, ndipo mtangazaji anapouliza, "Nani yule aliyeinama?" na jina linatangazwa mpaka Memphis.

Kwa hiyo babu, ukilisikia jina langu katika redio yako, ujue nimeharibu. Nikifanya kazi yangu sawasawa mwaka mzima, hutalisikia kabisa.

Nilisoma habari ya matishari mara nyingi. Nadhani Bohannon mwingine ameshuka kwenye matope kukaza waya, na sikushuka kwa bahati mbaya. Nimeuliza huku: mrudishaji aliyekuwepo alicheza miaka minne na hakuna aliyemjua jina, na wachezaji wakongwe wakimtaja wanavua kofia.

La pili. Macho yako. Usimlaumu mtu, herufi zako ndizo zilizokusema. Hukupaswa kunificha, lakini nani anazungumza, mimi niliyekuficha wewe?

Ijumaa wape watu wengine nafasi ya kusoma msimu kama unaona vigumu. Au mtaje Brazos. Usinitaje mimi. Sitaki wakuulize leo siku gani.

Wako,
Kendrell


Lusk Landing
Agosti 25

Kendrell mwanangu,

Nilimsomea. Nilipofika pale kwenye "herufi zako ndizo zilizokusema" nilisoma harakaharaka. Mungu akusamehe uongo ule, na mimi nimeshakusamehe.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Rudia pale pa kuinama." Nikarudia. Akanyanyuka, akatoka, akakaa kwenye pikapu asiyoruhusiwa kuiendesha, mikono kwenye usukani. Hakula. Kesho yake akaenda kwa Tolliver na hakujisifu hata neno moja, mpaka Tolliver akanipigia kuuliza kama apige simu hospitali.

Siku ya tatu akaniita uani. Ana mpira mkononi, sijui kautoa wapi.

"Verlene," akasema, "inama."

"Baba, nitainama nifanye nini?"

"Inama uurushe huu mpira kati ya miguu yako, unifikie hapa."

"Mimi ni mama wa kanisa!"

"Basi inama kama unaomba."

Kendrell, niliinama. Na gauni langu, na magoti yangu haya. Mpira wa kwanza ukaenda kwenye nyanya. Wa pili ukampiga mbwa. Akaniambia nirudie, nirudie, yeye amesimama kule ameweka mikono kifuani, akiusikiliza zaidi ya kuutazama. Kila ukimpita anaenda kuupapasa nyasini. Mwisho mmoja ukamfika kifuani, paaa! Akausimamisha hapo, amekumbatia mpira kama mtoto mchanga, akasema, "Kumbe kazi hii ni ngumu hivi."

Nilipoinua kichwa, mke wa mchungaji alikuwa ng'ambo ya ua anatutazama. Sijui amewaambia nini wanawake wenzangu, lakini Jumapili kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu.

Bado hajaniambia atasema nini Ijumaa. Nilimpa wazo la kumwachia mtu mwingine. Akaniuliza kama nimewahi kuona mto ukimwachia mtu mwingine bahari.

Wako mwenye mgongo,
Verlene


Lusk Landing
Agosti 27

Kendrell,

Barua yako nimeisikia. La kusema ninalo, lakini nitalisema Ijumaa, juu ya pikapu, mbele ya watu. Neno likitoka mara mbili linapoa.

Inama vizuri.

Babu


Chuo cha Tillery
Septemba 1

BABU,

HII NIMEIANDIKA KWA KALAMU NENE, HERUFI MOJA KAMA KIATU. SHUKA NAZO TARATIBU KWA PEMBE YA JICHO. SHANGAZI ASIISHIKE.

SIMU NIMERUDISHIWA, LAKINI BARUA INATOSHA.

TUMEFUNGWA. POINTI MBILI TU. BRAZOS ALILIA BAFUNI, NA JUBAL PIA, AKISEMA NI SABUNI.

LAKINI NIELEZE JAMBO MOJA. JANA, KILA TULIPOPIGA MPIRA MBALI, YAANI KILA TULIPOSHINDWA, UPANDE WENU WA JUKWAA ULIRUKA NA KUSHANGILIA KAMA HARUSINI. DONTAVION AKANIULIZA, "HAO NI WATU WETU AU WA NYIGU?" NIKAMWAMBIA NI WA LUSK LANDING, SI RAHISI KUELEZA.

BABU, ULISEMA NINI IJUMAA?

NA JAMBO LINGINE. MWISHONI, MPIGAJI ALIPOSIMAMA KUTUOKOA, NILIINAMA, NIKACHUNGULIA, NA KATI YA MIGUU YANGU NIKAONA FULANA YA CHUNGWA JUKWAANI. UMESIMAMA KICHWA CHINI, KOFIA IMEELEKEA ARDHINI, NA HUKUANGUKA. MIKONO YANGU IKATULIA.

KENDRELL


Lusk Landing
Septemba 4

Mjukuu wangu,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, toka juu mpaka chini, nikiitazama kwa pembeni kama jogoo anavyotazama punje. Imenichukua asubuhi yote. Verlene alizungukazunguka mlangoni na vyombo visivyo vichafu, sikumpa. Na wewe usidhani sikujua ni yeye aliyekuambia habari ya macho. Pembeni ndiko ninakoona, na pembeni ndiko Verlene anakoficha mambo.

Sasa Ijumaa. Watu walikuwa wengi, hata wa ng'ambo ya mto walikuja, wamesikia Lucius anausoma msimu. Nikapandishwa. Kimya, samaki tu analia mafutani. Ile fulana nimeivaa. Tolliver akapaza sauti, "Haya Kapteni, taja mrushaji!"

Nikasema, "Mrushaji ni Brazos Whitlow, wa Texas."

Ungesikia! Purvis Gaines alisimama na sahani yake, mdomo wazi, furaha ya miaka yote imeishia kooni. Mtu akauliza, "Na mjukuu wako, Lucius? Na hiyo fulana?"

Nikageuka nikawapa mgongo. Pale palipoandikwa MRUSHAJI nilikuwa nimebandika selotepu nyeusi, na juu yake nimeandika kwa chokaa, kwa mkono wangu: ANAYEINAMA.

Nikawaambia, "Sikilizeni nyinyi mnaojua mpira kwa sababu mna televisheni kubwa. Mjukuu wangu ana kazi ambayo binti yangu ameijaribu uani ikamshinda, na mbwa ni shahidi. Kazi hiyo ukiikosea unatangazwa, ukiipatia unasahauliwa. Basi nausoma msimu. Moja: Kambare wanashinda mechi zote kumi na moja. Mbili: jina la Bohannon halitatajwa redioni hata mara moja, tangu kesho mpaka Novemba. Halitatajwa! Mtu akilisikia, aje aninyoe nywele zangu zote na nyusi, Tolliver anishike."

Halafu Purvis, Purvis mwenyewe, akasema taratibu, "Huo ni utabiri ambao sijawahi kuusikia." Mchungaji akasema amina. Tukala.

Basi Jumamosi, mwanangu, ndiyo maana ya zile kelele. Nilikuwa na redio yangu, na kila mtu wa Lusk Landing naye kaja na yake. Mnapojipanga kupiga mpira mbali, sehemu yetu yote kimya, watu wameshika masikio, Verlene anamnong'oneza Mungu. Mtangazaji anasema, "Kambare wanapiga... mpira mrefu..." na anamtaja mpigaji, na anataja upepo, na anataja tangazo la matairi. Bohannon hamna! Tunaruka! Tunakumbatiana! Mke wa mchungaji alinikumbatia mimi, kisha akamkumbatia Verlene, na yale ya uani yakaishia hapo. Watu wa sehemu nyingine wakatuona wendawazimu. Bendi ya matarumbeta ikatupigia, haikujua kwa nini.

Kisha ile ya mwisho. Tuko nyuma kwa pointi mbili, mpigaji amesimama, uwanja mzima umenyanyuka. Nami nikanyanyuka, nikakutazama. Sikukuona. Palipo na wewe mimi nina shimo. Niliona ukingo wa uwanja, niliona bendera, niliona masikio ya Tolliver. Nikafunga macho kabisa, nikabaki na redio tu.

Mtangazaji akasema mpira umerudi safi, umeshikwa safi, umepigwa... umepita kando ya mlingoti. Akasema wee masikini, akamtaja yule mpigaji mara mbili, tatu. Pole yake, mwambie aje ale kwetu, Verlene atampikia pai ya pichi.

Umerudi safi, kasema. Hakusema umerudishwa na nani.

Watu walikuwa wanashuka jukwaani vichwa chini. Mimi nimesimama pale pale, redio masikioni, nimengoja mpaka matangazo yakaisha na muziki ukaanza, kuhakikisha. Tolliver akanivuta mkono. "Twende Kapteni, tumefungwa."

Nikamwambia, "Ngoja kwanza. Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Basi," nikamwambia, "na huyo ndiye mjukuu wangu."

Jana nilikwenda kunyoa. Wameniuliza habari ya utabiri. Nikawaambia niliwapa mbili. Mmoja umekufa Jumamosi, Mungu aulaze pema. Wa pili mzima wa afya, na unakuja Arkansas wiki hii, na fulana yake.

Inama, mwanangu. Nasikiliza.

Babu wa Anayeinama,
Lucius Bohannon